Hakuna cha Kusamehe

Mama yangu hajawahi kuamini kwamba kazi yangu ni kazi. Nafundisha falsafa ya sheria katika chuo kikuu kimoja Dar es Salaam, na kila nikirudi Ifakara likizo ananiuliza kama bado wananilipa. Nikimjibu ndiyo, anatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kuna watu wanalipwa kulala. Mara moja, nilipokuwa bado na juhudi za kumwelewesha, nilimwambia kwamba kwenye somo langu tunajiuliza sheria ni nini hasa, na kwa nini mtu aitii. Aliacha kupepeta mchele. Akataka kujua kama wanafunzi wale, baada ya miaka yote hiyo ya shule, wamefika chuo kikuu bila kujua sheria ni nini, na kama wazazi wao wana habari.

Nampenda mama yangu, na niliseme hilo mapema ili msomaji asije akadhani vinginevyo nitakapoanza kumsema. Ni mwanamke mfupi, mbishi, mwenye sauti inayovuka nyua mbili bila yeye kujitahidi. Nyumba yetu ya mtaa wa Viwanja Sitini anaiendesha kwa sheria ambazo hajawahi kumsomea mtu. Kiti cha karibu na mlango ni cha mgeni, hata kama hakuna mgeni. Anayekuta ndoo ya maji imefika nusu ndiye anayekwenda kuijaza, hata kama aliyeyatumia ni mwingine. Mtu aliyetoka msibani haulizwi chochote mpaka awe amenawa na kukaa. Sisi wanawe tulizijua sheria hizo kwa kukosea, maana mama hakuwa na desturi ya kutangaza, alikuwa na desturi ya kukutazama.

Shamba letu la mpunga liko upande wa Idete, chini kabisa bondeni, ambako masika maji yakishashika njia hakuna dereva wa bodaboda anayejisumbua. Huko kila mwenye shamba ana dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, chenye sakafu ya fito na ngazi ya kupandia, ili mafuriko yapite chini na mtu akae juu akilinda mpunga wake dhidi ya ndege na nguruwe. Watu huishi humo msimu mzima. Mwenye dungu akitoka kwenda mjini, iwe kanisani au kliniki, anaacha mchele, chumvi, kiberiti kilichofungwa kwenye nailoni, na kuni kavu. Vitu hivyo anamwachia yeyote atakayenyeshewa njiani.

Hiyo ndiyo sheria ya dungu, na mama huitaja kwa heshima kuliko anavyoitaja katiba. Mvua ikikukuta, au maji yakikuzuia, unapanda dungu lililo karibu, unapika, unakula, unalala. Hubebi kitu. Na ukiondoka unaacha sufuria ilivyo, na ukoko wake ndani, na majivu yake jikoni. Huoshi na hufagii. Mwenye dungu akirudi akakuta ukoko, anajua kwamba hapa alipita mtu, akala, na hakujificha. Anasugua sufuria yake akinung'unika kidogo, tena kwa raha, kwa sababu na yeye atakuja kunyeshewa akiwa mbali na kwake.

Mimi niliijua sheria hiyo kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa mtoto, tumenyeshewa, tumejibanza kwenye dungu la mtu tusiyemjua, na mama amepika wali. Kama mtoto yeyote wa bondeni, nilikuwa naungoja ukoko kuliko wali wenyewe. Nilipoingiza kijiko kuubandua, mama alinichapa kofi la mkono, akasema ule si wangu, ni wa mwenyewe auone. Niliona ni wivu tu wa watu wazima. Leo nawaambia wanafunzi wangu kwamba kuna mambo watu wanayafanya kwa mazoea, na mengine wanayafanya kwa sheria, na ukitaka kujua lipi ni lipi, tazama mtu asipolifanya wenzake wanamfanya nini. Mtu akila wali kwa kijiko badala ya mkono, watamtania. Asipoacha ukoko, watamwita mwizi.

Na kweli walimwita. Mwaka ninaousimulia si wa zamani. Masika yalikuwa mazito, na mama alikuwa ametoka shambani kuja mjini kwenye msiba wa mtu wa jumuiya yake. Njia ikajaa maji, ikabidi akae mjini siku nyingi kuliko alivyopanga. Aliporudi dunguni alikuta mchele umepungua sana na kuni zimekwisha. Sufuria ilikuwa imeoshwa ikang'aa, imelazwa kifudifudi juu ya fito. Jikoni hapakuwa na majivu hata kidogo, na sakafu ilikuwa imefagiwa.

Mtu mwingine angeshukuru Mungu. Mama aliona kama amekuta mlango wake umevunjwa. Mchele haupo, na hapana dalili kwamba kuna aliyepika, basi mchele umebebwa. Tena aliyeubeba amehakikisha hakuna alama iliyobaki. Alipouliza huku na huku, mtu wa shamba la ng'ambo ya mfereji akamwambia amemwona nani akishuka ngazi ile mvua ilipotulia. Alikuwa mke wa kijana wa jirani yetu wa Viwanja Sitini, akiwa na mtoto mgongoni.

Huyo jirani ni rafiki wa mama tangu usichana wao. Wamelea watoto pamoja, wamezika pamoja, na mashamba yao yanakaribiana. Mwanawe alikuwa amekwenda Njombe kufanya kazi ya mbao, akaoa huko, akarudi na mke na mtoto mchanga. Kisha akapata kibarua kwenye mashamba ya miwa, akawa anakuja nyumbani mwisho wa wiki tu. Mkewe alibaki na mama mkwe, akaanza msimu wake wa kwanza wa mpunga katika bonde ambalo alikuwa hajawahi kuliona.

Mama angeweza kwenda moja kwa moja kwa rafiki yake wakayazungumza. Hakwenda. Alikuwa na hasira, na hasira ya mama haina subira. Alikuja mjini na mpunga wake wa akiba, akaenda nao mashineni kukoboa, na pale kwenye foleni ya wanawake na madebe yao akasema, kwa sauti ile ninayoijua, kwamba siku hizi watu wanaleta wezi nyumbani kwa vigelegele. Mmoja akamuuliza anamsema nani. Akajibu kwamba yeye hataji jina la mtu, ila wa kutoka Njombe hawako wengi mtaani. Kufikia jioni neno lilikuwa limefika sokoni.

Mimi nilifika katikati ya jambo hilo, likizo ya Pasaka. Nilimkuta mama anapepeta kwa nguvu isiyo ya kawaida, na kwa namna ungo ulivyokuwa ukiruka nilijua kuna jambo halijaisha, ingawa yeye alisema limekwisha. Rafiki yake alikuwa amekuja na beseni la mchele, mwingi kuliko uliopotea, akalia, akaomba radhi kwa niaba ya nyumba yake. Mama akakataa mchele, akapokea radhi, wakanywa chai. Mwenyekiti wa mtaa, aliyekuwa akipita, aliwaambia wasameheane yaishe, akanywa chai na yeye, akaondoka ameridhika na uongozi wake. Kilichobaki ni yule binti mwenyewe aje aseme samahani, mama ajibu nimekusamehe, basi.

Alikuja kesho yake asubuhi, ameongozana na mama mkwe wake. Alikuwa mrefu, mwembamba, mtoto amelala mgongoni. Alipiga magoti akatuamkia, mama kwanza, kisha mimi. Mama mkwe akamwambia aseme alichokuja kusema.  Binti akasema, macho yakiwa chini na sauti ikiwa ile ile aliyotuamkia nayo:

"Mama, nisamehe kwa usumbufu, lakini kwa wizi siwezi kuomba msamaha. Nikisamehewa nitakuwa nimeiba. Mimi naomba tu uniambie, niliiba?"

Nimesahihisha karatasi nyingi za mitihani kuhusu tofauti kati ya mtu aliyesamehewa na mtu asiye na hatia. Sikumbuki jibu hata moja lililonikalisha wima namna ile.  Aliyelipuka ni mama mkwe. Alisema huo ni ujeuri, tena wa kumwaibisha mbele ya rafiki yake aliyekwisha kuwaonea huruma, na kwamba kama mdomo wake ni mzito hivyo, basi mumewe akija mwisho wa wiki ampandishe basi la Njombe, akakae kwao mpaka uwe mwepesi. Yule binti akasema, "Sawa, mama." Hakusema kwa kutisha wala kwa kununa. Nilimtazama akijifunga vizuri mtoto wake na nikaamini kabisa kwamba angekwenda, na kwamba asingerudi kuishi mahali ambapo yeye ni mwizi aliyesamehewa.

Walipoondoka, mama alisema kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu. Nikamwambia kwamba huyu amekuwa na adabu kutushinda sisi wote. Ndipo ugomvi wetu ulipoanza, na ulikuwa ugomvi mtamu, wa watu wawili waliokaa mkekani wakichambua mchele kwenye sinia moja.

Nilianza na somo langu la kwanza la mwaka. Nilimwambia kwamba sheria isiyotangazwa haimfungi mtu. Mtawala akiandika amri akaifungia kabatini, kisha akawaadhibu watu kwa kuivunja, huyo hatawali, anawinda. Mama akasema sheria ya dungu haiko kabatini, kila mtu anaijua. Nikamuuliza huyo kila mtu ni nani. Akasema, kila mtu. Nikamuuliza mimi niliijuaje. Akakumbuka kofi, akakubali kwamba alinichapa. Basi huyu wa Njombe, nikamuuliza, nani alimchapa?

Mama akanyamaza, na mimi nikajiona nimeshinda, jambo ambalo kwake ni hatari kwa sababu mara nyingi huwa anavuta pumzi tu. Aliokota chenga kadhaa, akazitupia kuku. Kisha akaniuliza kama sheria zangu za serikali, zile zenye vitabu, kuna mtu mtaani anayezisoma. Nikasema ni wachache. Akauliza, mtu akikamatwa, akamwambia hakimu kwamba hakujua, anaachiwa? Ikabidi nikiri kwamba haachiwi, kwamba kutojua sheria si utetezi, na kwamba hilo nalo nalifundisha. Mama alicheka mpaka akaondoa mikono kwenye sinia.

"Kwa hiyo ninyi mnawafunga wasiojua, halafu unakuja kunifundisha mimi."

Nilikasirika, maana na mimi nina damu yake. Nilimwambia kwamba hata hivyo vitabu ninavyovifundisha havisemi wizi ni mchele kupungua. Vinatazama kilichokuwa moyoni mwa aliyeuchukua. Mtu akichukua kitu akiamini kwa nia njema kwamba ana haki nacho, huyo haitwi mwizi, hata kama alikosea. Kwa hiyo la kuulizwa ni kwa nini aliiosha ile sufuria. Mama akasema jibu la hilo analo, mwizi huficha. Nikamuuliza kama alimuuliza mwenyewe. Akasema haulizwi mtu jambo lililo wazi. Nikamwambia hakimu anayehukumu hivyo angefukuzwa kazi. Akaniambia yeye si hakimu, yeye ni mwenye sufuria.

Tulikula mchana karibu bila kuzungumza. Ulikuwa wali na kambale wa nazi, na mama alinichagulia kipande chenye nyama nyingi, hivyo nikajua kwamba hana hasira na mimi. Alikuwa anapambana na kitu kingine. Namjua anapokuwa hivyo: anakula taratibu, anatazama mlangoni, anachomoa miiba ya samaki na kuipanga pembeni mwa sahani kama anaihesabia mtu. Alipomaliza kunawa alijifunga khanga ya pili, akasema twende. Sikuwa na haja ya kuuliza wapi.

Tulimkuta yule binti uani akianua nguo za mtoto. Mama mkwe wake alikuwa amekwenda sokoni, na niliona mama amefurahi kwamba hayupo. Alikataa kiti, akakaa kwenye kibao cha kukunia nazi kilichokuwa pale uani, akamuuliza swali moja tu. Kwa nini uliosha?

Binti alieleza yote tangu mwanzo, polepole, kama mtu aliyekuwa ameyapanga siku nyingi akingoja aulizwe. Alikuwa shambani kwao, mtoto akapata homa, akatoka kumpeleka zahanati. Mvua kubwa ikamkuta njiani na maji yakafunika njia mbele na nyuma. Akakumbuka mumewe aliwahi kumwambia kwamba bondeni mtu akinyeshewa anapanda dungu lolote na anakula. Akapanda. Akampikia mtoto uji wa mchele, akajipikia wali. Mvua haikukatika, wakalala humo, wakapika tena, na tena, mpaka maji yalipopungua akaweza kupita. Hakubeba hata punje. Habari za ukoko mumewe hakumwambia, kwa sababu mwenyewe alizaliwa nazo na hakujua kama ni kitu cha kuambiana.

Kisha akafika kwenye kuosha, na hapo ndipo alipoinua macho kwa mara ya kwanza.

"Kwetu, mama, ukitumia jiko la mtu ukaliacha chafu, hapo ndipo umemwibia. Umekula chakula chake, na nguvu zake pia unataka akupe?"

 Mama alimtazama, na mimi nilimtazama mama. Nilimwona anakutana na kitu anachokifahamu katika mavazi asiyoyafahamu. Huyu binti naye alikuwa amelelewa na mwanamke fulani mahali fulani, aliyemchapa mkono siku fulani juu ya sufuria. Mama akanyanyuka, akampima mtoto homa kwa kiganja, akauliza zahanati walimpa dawa gani na kama anazimaliza. Tukaaga.

Njiani mama alitangulia, na mimi nikamwacha atangulie. Tulipokaribia kwetu alisimama akasema kwamba ubaya wa jambo hili ni kwamba binti yule hakuvunja sheria, ameifuata, ila si ya kwetu. Nikamwambia kwamba hilo darasani ni swali zito, sheria mbili zinapokutana juu ya kitu kimoja ifuatwe ipi, na kuna wasomi wamelizeekea. Akauliza wamejibu nini. Nikasema hawajakubaliana. Safari hii hakucheka. Alisema kwa upande wake sheria ni ya bondeni, maana dungu liko bondeni, na asijidanganye mtu. Lakini sheria yenyewe iliwekwa ili mpita njia asife kwa mvua na njaa. Ukoko umewekwa ili mpita njia huyo aaminike. Ukiuchukua ukoko ukamnasia nao mtu yule yule uliyetaka kumsaidia, umeifanya sheria kuwa mtego.

Nilitamani wanafunzi wangu wangekuwepo, na nilitamani pia wasiwepo, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamelowa. Nikamuuliza sasa atafanya nini. Akasema atakwenda jioni amwambie kwamba hakuiba. Nikamwambia haitoshi.

Alinigeukia. Nikamwambia kwamba hukumu husomwa hadharani, na kwamba hilo halipo kwa ajili ya kuwafurahisha mawakili. Yeye alimhukumu yule binti mashineni, mbele ya foleni nzima, na hawezi kumwachia huru uani kwa kunong'ona. Mama akasema, kwani rafiki yake akijua, na mume akijua, si yatakuwa yamekwisha? Alisema kwa sauti ndogo ambayo sijaizoea. Mama yangu hajawahi kufuta neno lake mbele ya watu. Hata baba, miaka yote ya ndoa yao, alijifunza kupokea radhi za mama kwa njia ya chakula. Nikamwambia kwamba akiniuliza kama mwanawe, nitamwambia inatosha, twende tukapumzike. Lakini akiniuliza kwa kile ninacholipiwa, haitoshi.

Akaanza tena kutembea.

"Kumbe wanakulipa kwa kitu," akasema.

Jumamosi asubuhi alibeba debe la mpunga ambao haukuwa na haja ya kukobolewa, ili awe na sababu ya kwenda. Alikuwa amemtumia rafiki yake ujumbe kwamba waje mashineni, yeye na mkwewe. Walikuja. Mama mkwe alikuwa na uso wa matumaini, maana alidhani binti amelainika na kwamba safari ya Njombe haitakuwepo. Binti alikuwa na uso wake ule ule. Mumewe alikuwa amefika asubuhi hiyo na alibaki nyumbani, na begi, kama nilivyoambiwa baadaye, lilikuwa limekwisha kufungwa.

Mashine ya kukoboa ikifanya kazi, hata ukiitwa na malaika husikii. Mama hakusubiri zamu yake. Alipita pembeni ya foleni hadi kwa mwendesha mashine, akamwambia azime. Yule bwana alidhani mkanda umechomoka, akazima haraka. Kelele zikafa, na wanawake wote, nywele na nyusi zikiwa nyeupe kwa vumbi la pumba, wakageuka kutazama kuna nini. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwake na nikamwona analitua debe lake chini.

"Nilisema hapa kwamba mke wa kijana wa jirani yangu ni mwizi," akasema. "Si mwizi. Alinyeshewa na mtoto mgonjwa, akapanda dungu langu, akala, kama mimi nilivyokula kwenye madungu yenu. Hakubeba kitu. Aliniachia sufuria safi kwa heshima, na mimi nikaiona heshima nikaiita wizi. Sisi ndio tuliomleta bondeni bila kumwambia mambo ya bondeni. Sijamsamehe, kwa sababu hakuna cha kusamehe."

 Mwanamke mmoja alipiga chafya kwa vumbi akajifunika mdomo. Rafiki wa mama aliinamisha kichwa, na nikajua kwamba amelikumbuka basi la Njombe. Mwendesha mashine alikuwa amesimama na mkono kwenye swichi, hajui kama mkutano umefungwa. Nilimpenda mama yangu pale kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na nilitaka kwenda kumshika, lakini niliona kwamba haikuwa zamu yangu. Yeye alidhani amemaliza. Aliinama, akalinyanyua debe lake kwa mikono miwili, tayari kurudi mwisho wa foleni kama watu wengine.

Ndipo yule binti alipotoka kwenye foleni na mtoto wake mgongoni. Akaja mpaka mbele ya mama akasimama. Safari hii hakupiga magoti.

"Ahsante kwa kusema, mama," akasema. "Na mimi nimekusamehe."

Foleni iliguna. Mama mkwe aliinua mkono kumzuia, kisha akaushusha. Mama alimtazama yule binti, na nilimwona analitafuta jibu kali, moja kati ya yale aliyonayo kwa kila mtu, na nikamwona analiacha.

"Nimepokea, mwanangu," akasema, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote, akayaacha yashuke hadi kidevuni, maana mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika debe la mpunga.